Kula Mpaka Saba

Mwiko ulikwaruza chungu, krr, krr, na nje bado giza. Bi Somoe aliukokota taratibu asiwaamshe majirani, lakini nyumba za kijiji kipya zilipangwa mistari miwili, karibu karibu, mtu akipiga chafya huku wa nyumba ya tatu humwombea rehema.

"Baba Zuhura," alimwita mumewe. "Amka ule."

"Nimekula jana," Mzee Salumu alijibu kutoka kitandani.

"Jana imekwisha. Amka, jua lisituwahi."

Mzee Salumu alitoka akijifunga msuli, akaketi mkekani. Mbele yake palikuwa na ugali wa muhogo uliofinyangwa ukasimama kama kichuguu, kisamvu cha nazi, dagaa wa kukaanga, na pembeni bakuli la uji wa mtama la kusukumia. Baada ya hapo vingekuja viazi vitamu, halafu kunde, halafu wali kidogo kama mchele ungepatikana, mpaka kengele ya shamba la kijiji ilie saa saba mchana. Ikishalia, jiko huzimwa. Hapo tena mpaka kesho.

"Mama Zuhura," alisema mzee akiutazama ugali, "hata ng'ombe huachwa acheue."

"Ng'ombe hana daktari. Kula."

Alikula. Bi Somoe alikaa karibu akimsogezea mboga upande wake wa sinia, na kila mzee alipomeza, yeye alihisi kama amepata siku nyingine moja ya kuishi naye. Hilo ndilo alilokuwa akilitafuta, wala hakuwa na jingine. Mzee Salumu alikuwa amekata mkonge ujanani mpaka vidole vikapinda, na aliporudi hakuwahi kumwinulia mkono huo uliopinda. Bi Somoe alipokuwa mzazi wa siku chache, mzee alibeba ndoo kichwani hadi kisimani, wanaume wenzake wakamcheka, akawacheka na yeye. Mtu wa namna hiyo humwachii aende hivi hivi.

Na alikuwa amekaribia kwenda. Tumbo lilikuwa likimjaa kila usiku, kifua kinawaka, usingizi hapati, asubuhi kichwa kizito. Ndipo walipokuja madaktari wa Kichina kutoka Mtwara mjini, na Landrova yao iliyojaa vumbi, wakakaa siku nzima kwenye zahanati ya kijiji. Aliyemwona mzee alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Fang, nywele zimekatwa masikioni, viatu vya kitambaa. Hakukimbilia dawa. Alimwambia mzee atoe ulimi, akautazama kwa utulivu kama anayetazama mtoto mchanga. Alimshika mkono mmoja kwa vidole vitatu, akafumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, kisha akashika mkono wa pili. Halafu alimchoma sindano nyembamba kama unywele, mguuni na mkononi, na mzee akasinzia pale pale kwenye benchi, akakoroma, watu wakacheka.

Daktari aliongea Kiswahili chake mwenyewe, kila neno amelisimamisha peke yake.

"Mzee anakula kumi," alisema. "Kumi si nzuri. Ale saba. Saba, basi."

Bi Somoe aliinama mbele. Alitaka kulishika neno lile lisimponyoke.

"Mpaka saba, daktari? Saba ya mchana?"

"Mchana, ndiyo. Saba. Kumi isifike."

"Isifike kumi," Bi Somoe alirudia. Saa saba, adhuhuri. Saa kumi, alasiri. Jambo jepesi kabisa. Alimshukuru daktari kwa mikono miwili, na daktari akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia mzee atembee kidogo akishakula, asikasirike sana, asifurahi sana, asilale sana. Bi Somoe aliyasikia yote hayo, lakini lililomwingia ni lile la saba.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuulizwa. Wanawake walimkuta kisimani, wakamwuliza Mchina alisemaje, naye akawaeleza kwa sauti ya mtu mwenye amana: chakula kinachopita saa saba hugeuka sumu kwa mtu mzima. Hilo la sumu alilitia mwenyewe. Halikuwa limetamkwa na mtu, ila lilikaa vizuri mdomoni.

Jioni zilikuwa ndefu. Nyumba zote zilitoa moshi, harufu ya samaki ikapita juu ya ua, na Bi Somoe naye hakupika, maana angejipikiaje mwenyewe huku mumewe akinusa? Alilala na njaa pamoja naye. Alihesabu kwamba hiyo ni haki.

Mzee alianza kukonda. Asubuhi tumbo lilimvimba kwa kujazwa, jioni miguu ilimtetemeka. Bi Somoe aliona, akadhani dawa inafanya kazi, ubaya unatoka. Akaongeza ugali wa alfajiri.

Jirani wao wa upande wa pili wa njia alikuwa Isabel, mjane aliyevuka Ruvuma wakati wa vita vya ng'ambo, akiwa na chungu kimoja na kitenge alichovaa. Usiku wake wa kwanza kijijini alilalia mkeka wa Bi Somoe, na tangu hapo hawakuwahi kukosana. Mmoja Mwislamu na mwingine wa kanisani, lakini siku ya Idi Isabel ndiye aliyekuna nazi, na Krismasi Bi Somoe ndiye aliyepeleka kuku. Isabel hakuwa msemaji. Akikuona umechoka, huchukua jembe lako akaendelea na mstari wako, bila kuuliza.

Jioni moja, kabla ya magharibi, Bi Somoe alitaka kumpashia mzee maji ya kuoga. Jiko lake lilikuwa baridi tangu mchana, basi akachukua kigae akavuka njia kuomba moto.

"Hodi, dada Isabel."

Hakungoja karibu, maana hawakuwa watu wa kungojeana. Alizunguka hadi uani, na hapo akamkuta Mzee Salumu ameketi kwenye kigoda, bakuli mkononi, anakunywa uji mwepesi wa mtama kwa kufumba macho. Alikuwa akinywa kama mtoto anavyonyonya.

Mzee alilishusha bakuli. Isabel alitoa makaa mawili jikoni, akayatia kwenye kigae, akampa. Bi Somoe aliyapokea, akarudi kwake. Njiani makaa yalimwunguza kidole wala hakuhisi, kwa sababu kitu kingine kilikuwa kinamwunguza zaidi. Mimi ninalala na njaa kwa ajili yako, na wewe unakunywa sumu uani kwa watu.

Asubuhi yake kisima kilikuwa kimejaa wanawake. Mwajuma, mke wa balozi wa nyumba kumi, alikuwa akisimulia habari ya sukari iliyokwisha duka la ushirika. Isabel alikuwa ameinama anavuta kamba. Bi Somoe aliweka ndoo yake chini.

"Isabel," alisema, na hakusema dada. "Tangu lini unamlisha mume wangu?"

Kamba ilisimama. Mwajuma alinyamaza katikati ya sukari yake.

Kuna kumpa mtu chakula, na kuna kumlisha mume wa mtu, na wanawake wa pale hawakuwa na haja ya kufafanuliwa tofauti. Kumlisha ni kumtilia kitu, akakusahau wewe, akamfuata aliyemlisha kama mbuzi anavyofuata majani. Mke husema neno hilo anapoona nyumba yake inavunjwa.

Bi Somoe alilisikia neno likitua. Alilisikia vizuri. Angeweza kulirudisha papo hapo, kwa kusema nasema uji tu jamani, na kina Mwajuma wangecheka, na maji yangeendelea kuchotwa. Hakulirudisha. Alisimama mikono kiunoni, akaacha kimya kifanye kazi yake.

Isabel alimaliza kuvuta kamba. Alimimina maji kwenye ndoo bila kumwaga tone, akajitwisha.

"Nimemlisha uji," alisema, akaondoka.

"Ee," Mwajuma alisema Isabel alipokuwa amefika mbali. "Watu wa ng'ambo hao. Na Mzee Salumu anavyokonda, kumbe."

Bi Somoe alichota maji yake.

Jioni mzee alimngoja mlangoni. Habari ilishamfikia shambani.

"Umemwita mchawi, Mama Zuhura."

"Sikusema mchawi."

"Ulisemaje?"

Bi Somoe alichukua fagio, akafagia palipokwisha fagiliwa.

"Mimi ndiye niliyepiga hodi kwake," alisema mzee. "Miguu ilikuwa inakataa kunibeba. Aliniuliza, mkeo anajua? Nikamwambia anajua, ndiye aliyenituma. Nilimdanganya. Kwa hiyo kama ni ubaya, ni wangu."

"Kwa nini hukuniambia mimi kwamba una njaa?"

Mzee alitazama vidole vyake. "Ulikuwa unafurahi sana kunitibu."

Neno hilo lilimkaa kifuani usiku kucha, lakini hata hivyo hakuvuka njia. Alijiambia kwamba Isabel amekosea pia, kwamba uji wa jioni ungemwua mzee, kwamba daktari alishasema. Alikuwa na sababu nyingi, na kila moja alipoishika aliiona ina tundu.

Kijiji kikafanya kilichobaki. Kwenye shamba la pamoja, wanawake walipopanga mistari ya kupalilia mihogo, waliacha nafasi kulia kwa Isabel na kushoto kwake. Waliokuwa wakimwachia watoto wao wakienda kuchimba ming'oko, viazi vya porini, waliwachukua. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia kwa mbali, wakapita. Isabel alipalilia mstari wake peke yake, na alipofika mwisho hakugeuka kumsaidia mtu, kwa kuwa hakuna aliyetaka mkono wake. Bi Somoe alikuwa mistari michache tu kutoka kwake, akalima ameinamisha uso. Baadaye ikasikika kwamba Isabel anafunga mizigo. Ana ndugu Kitaya, karibu na mto. Atahamia huko mihogo ikishang'olewa.

Mzee Salumu naye hakwenda tena kwa mtu jioni. Alikula alfajiri alichopewa, akalala na njaa alivyoambiwa, na hakulalamika. Kisha akaanguka shambani, mchana wa jua kali, jembe likiwa bado mkononi. Walimbeba kwenye mlango uliong'olewa, wakampeleka zahanati, na kwa bahati ilikuwa siku ya Landrova.

Daktari Fang alimtambua. Alimnywesha maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, polepole, akamshika mkono kwa vidole vyake vitatu. Safari hii hakufumba macho. Alimtazama Bi Somoe.

"Jioni mzee anakula nini?"

"Hali, daktari."

"Hali?"

"Ulisema mpaka saba. Kengele ya saa saba ikilia, mimi nazima moto. Sijawahi kupitisha hata siku moja." Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa, na kabla hajamaliza aliona uso wa daktari unabadilika.

Daktari aliyageuza maneno hayo kichwani kwake. Bi Somoe alikuwa amepita nyumbani akachukua kikapu kidogo cha korosho zilizobanguliwa, zawadi ya daktari. Daktari alikichukua, akapanga korosho kumi kwenye kiganja cha mkono wake.

"Hili tumbo," alisema. "Hizi kumi, tumbo limejaa, tumbo linalia." Akatoa tatu, akazirudisha kikapuni. "Hizi saba. Bado kuna nafasi kidogo. Hapo unaacha. Asubuhi saba. Mchana saba. Jioni saba, laini, moto kidogo. Uji mzuri sana jioni. Saba si saa, mama. Saba ni tumbo."

Benchi lote lilikuwa limesikia. Mtu mmoja alianza kucheka kwa pua, wa pili akamfuata, na Mwajuma, aliyemleta mama mkwe wake, akapiga mapaja.

"Yaani kengele yote ile, Bi Somoe? Kumbe ilikuwa korosho?"

Bi Somoe alitamani benchi limfunike. Aliona ugali wa alfajiri, ule kama kichuguu. Daktari alisema mzee asile kumi, na yeye alimpa kumi na zaidi kwa mkono wake, kisha akamnyima hata moja.

Daktari Fang hakucheka. Aliwatazama waliokuwa wanacheka mpaka wakaacha, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bi Somoe.

"Kosa langu," alisema. "Kiswahili changu kidogo. Sikuuliza vizuri kama umeelewa."

Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mgeni huyu, ametoka mbali kuliko wote, kosa ambalo ni lake nusu tu amelibeba lote mbele za watu bila kuona taabu. Na yeye, mwenye lugha yake, hakuweza kurudisha neno moja.

"Lakini mzee amekaa siku nyingi namna hii," daktari aliendelea, akimgeukia mzee. "Ungeanguka mapema. Kuna mtu alikupa chakula jioni?"

"Jirani," Mzee Salumu alisema kwa sauti ndogo. "Alinipa uji. Halafu akaacha."

"Kwa nini akaacha?"

Mwajuma alishughulika na kanga yake. Bi Somoe alisikia nzi wakizunguka dirishani.

"Huyo jirani amekusaidia sana," alisema daktari. "Mwambie asante yangu."

Kabla hawajaondoka, alimwomba Bi Somoe mkono wake pia, akausikiliza.

"Wewe wasiwasi mwingi," alisema. "Wasiwasi kumi."

"Ninampenda, daktari."

"Ndiyo. Hiyo pia, ukijaza sana, mtu hapati pumzi."

Siku mbili Bi Somoe alipika kama alivyoonyeshwa, kidogo asubuhi, kidogo mchana, uji jioni, na mzee akaanza kulala usingizi. Siku mbili hizo hizo alikwenda hadi njiani, akarudi. Ya tatu alivuka.

Isabel alikuwa uani anapepeta mtama. Mzigo wake, umefungwa kwa kamba ya minazi, ulikuwa umeegemezwa ukutani. Alimpa Bi Somoe kigoda, akampa maji ya kunywa kwenye kata, kama anavyopewa mgeni. Haijawahi kutokea Bi Somoe kupewa kigoda katika ua ule. Siku zote alivuta mwenyewe.

"Nimekuja kuomba radhi, dada Isabel. Nilielewa vibaya maneno ya daktari."

"Nimesikia. Korosho."

"Nilikosea."

Isabel aliendelea kupepeta. Makapi yaliruka, yakaanguka.

"Saba ulikosea," alisema. "Lile la kisimani hukukosea. Lile ulilijua."

Bi Somoe alitafuta pa kuweka macho. "Nililijua."

"Niliposema uji, nilikutazama. Nilisema, sasa huyu atasema. Ananijua." Aliweka ungo chini. "Mimi nimetoka ng'ambo nimekimbia bunduki, sikulia. Siku ile nilifika hapa nikaweka ndoo, nikalia kama mjinga."

"Nisamehe."

"Hapa uani tuko wawili, Bi Somoe. Siku ile tulikuwa wangapi?"

Alielewa. Alikunywa maji yaliyobaki, akarudisha kata, akatoka.

Asubuhi alikwenda kisimani mapema, akakaa juu ya ndoo yake aliyoifudikiza, akangoja mpaka wote wajae. Kina Mwajuma walishaanza.

"Bi Somoe, saa ngapi sasa? Korosho ngapi?"

"Mwache, anangoja kengele."

Aliwaacha wacheke. Isabel alipokuja, akapewa nafasi ile ile ya mbali, Bi Somoe alisimama.

"Jamani nisikilizeni. Siku ile nilisema hapa Isabel anamlisha mume wangu. Nililisema neno baya nikijua mtalielewaje, na nikawaacha mlielewe hivyo. Alimpa uji. Mume wangu alikuwa ana njaa nyumbani kwangu, na njaa hiyo nilimpa mimi. Isabel aliniwekea mume wangu hai, mimi nikamtia aibu. Mchawi hayupo. Ni hilo tu."

Hakuna aliyecheka tena. Mwajuma alisema, "Basi, kamba iko huru, nani anafuata?" na akasogea kidogo, akaacha nafasi karibu yake. Isabel aliitazama nafasi hiyo. Alikuja, akachota, akajitwisha, akaondoka bila kumwambia Bi Somoe neno lolote.

Bi Somoe alirudi nyumbani na ndoo nusu tupu, amemwaga njia nzima.

Mchana ulipita. Baada ya alasiri, mzee akiwa amekaa barazani, waliona moshi ukipanda uani kwa Isabel, na baadaye kidogo sauti yake ikavuka njia, si kubwa.

"Mzee Salumu, uji upo. Na mkeo."

Walikwenda. Isabel aliwapa bakuli kila mtu, uji mwepesi, umetiwa ndimu na chumvi kidogo. Bi Somoe hakupewa kigoda, na hakuthubutu kuvuta. Alikaa chini kwenye mchanga, miguu ameikunja, akanywa. Uji ulikuwa mtamu, naye alijua huu ndio uji ule, wa mtu yule, na alijua alivyouita. Mzee aliacha kidogo kwenye bakuli lake, akasema ameshiba saba, akitaka wacheke. Isabel alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Bi Somoe hakuweza.

Hawakuongea mengi. Waliongea juu ya panya wanaokula mihogo, juu ya mtoto wa fulani aliyeota meno ya juu kwanza. Mzigo ulikuwa pale pale ukutani, kamba haijalegezwa, na Bi Somoe kila aliponyanyua macho aliukuta.

Jua lilipozama mzee aliinuka kwenda kutia udhu. Bi Somoe aliosha mabakuli yote matatu, akayafudikiza juu ya uchanja, akasimama mlangoni pa ua asijue aage vipi.

"Dada Isabel, utakwenda Kitaya?"

Isabel alikuwa ameinamia jiko, anafukia makaa majivuni yasizime.

"Sijui," alisema. "Leo sifungui mzigo, usinitazame hivyo. Bado naumwa." Alifukia kaa la mwisho, akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Lakini kesho jioni njooni tena."